Sakafu Kavu

Jumatatu, 13 Mei

Usiku wa tano huu na mjukuu wangu hajalala kama watu. Achola, miaka mitatu na nusu, mwembamba kama mwiko, na amenishinda mimi niliyepika pilau ya watu mia nne nikiwa na msaidizi mmoja tu.

Zeituni alimleta Alhamisi. Maji yameingia kwao Ahero, kuta zimelowa, yeye na mumewe Oluoch wanalala darasani na majirani mpaka nyumba ikauke. "Mama, kaa naye kidogo tu." Mtoto nimepewa. Usingizi wake ndio sikupewa.

Leo tena. Nimemlaza, amesimama. Nimemlaza, amepanda meza ya kulia chakula. Meza! Nimemshusha, nimemwambia meza ni ya sahani, si ya miguu. Amelia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Mwishowe usingizi umemchukua kwenye kiti, kichwa juu ya meza, kama mlevi. Kesho nina harusi ya kupikia. Sijui nitatofautisha vipi chumvi na sukari.

Jumatano, 15 Mei

Nimefikiri: labda anaogopa kuanguka kitandani. Nikashusha godoro, nikalitandika sakafuni, nikalala kando yake mimi mwenyewe na mgongo wangu huu. Nikajiona mwerevu.

Imekuwa mbaya zaidi. Alipiga kelele tangu mgongo ulipogusa godoro. Amechana shuka.

Harusi ilipita salama. Wali haukuungua. Mimi ndiye niliyeungua, kidole, kwa kusinzia jikoni.

Alhamisi, 16 Mei

Zeituni amepiga simu. Maji yameshuka. Oluoch anataka kumwaga simiti mpya ndani, kisha arudi kwenye mpunga kabla msimu haujamwacha. Nikamwambia ukweli kuhusu mtoto. 

Akasema: "Kama huko kwako kwenye stima na ukuta wa mawe halali, huku atalala aje, Mama? Afadhali akae kwako mpaka aanze shule."

Alisema vizuri tu, lakini sauti ilikatika kwenye neno shule. Ndiye mtoto wake wa pekee. Basi mambo yako hivi: Achola akijifunza kulala, anarudi kwa mamake. Asipojifunza, anabaki kwangu, na mamake anabaki mikono mitupu. Nimelala na hilo kifuani. Nimelala vibaya.

Ijumaa, 17 Mei

Elsie wa nyumba ya tatu ana mtoto wa miezi kumi anayelala saa mbili hadi alfajiri. Nimeenda kumwuliza siri. Ameniambia mtoto anataka ratiba. Mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, saa ile ile. Kuoga, kula, hadithi, taa kupunguzwa, kulala. "Same same kila siku, Mama Zeituni. Usiruke hata moja." Amejifunza kwenye kikundi cha akina mama kwenye simu.

Nimecheka. Sisi tuliwafunga mgongoni kwa leso na kazi ikaendelea. Lakini nimewaza njiani. Mimi nani wa kucheka mpangilio? Weka mchele kabla ya kitunguu uone kama utapata pilau. Nimeanza leo leo. Adhana ya magharibi, maji ya kuoga. Uji. Hadithi ya sungura. Taa.

Alisikiliza sungura mpaka mwisho. Kisha akapanda meza.

Jumapili, 19 Mei



Elsie alinitumia sauti ya kulazia watoto. Mvua. Saa nane mfululizo za mvua inayonyesha juu ya mabati, bila radi. "Hii ndio inawaangushanga. Dakika mbili tu." Baada ya hadithi nikaiweka, simu karibu na mto.

Achola hakulia. Alikaa, macho kwenye mlango. Nikajisifu: imefanya kazi. Kisha akashuka polepole. Akachukua viatu vyake, akaviweka juu ya meza. Akarudi akachukua vyangu, vile vizito vya jikoni, kimoja kimoja, navyo akaviweka juu. Akapanda kwenye kiti, akapanda meza, akageuka akaninyooshea mikono.

"Nyanya, panda. Pi biro."

Maji yanakuja. Kijaluo cha babake, na sauti ya mtu mzima anayekuhimiza tu usichelewe.

Nikazima simu upesi. Haikusaidia, kwake mvua ilikuwa bado inanyesha. Aliendelea kuninyooshea mikono. Sasa ningefanya nini? Nilipanda. Mimi Khadijah, miaka hamsini na minne, mwili huu, nikapanda kiti, nikapanda meza ambayo siku zote hizi nimemkataza. Meza ni kazi ya Joram, fundi anayejua mbao, la sivyo leo tungekuwa hospitalini wote wawili. Nikaketi. Akaingia mapajani. Akanishika kidole kilichoungua, akalala.

Kumbe siku zote alikuwa ananiambia, na mimi namfundisha adabu.

Jumatatu, 20 Mei

Nimempigia Zeituni kabla hata ya chai. Nikamwambia nataka yote. Akatoa yote.

Maji yaliingia wakiwa wamelala. Achola alikuwa kwenye godoro chini, ndiye aliyelowa kwanza. Aliamka akisema mgongo una baridi. Oluoch akamtupa juu ya meza, wakapanda nao, Zeituni na viatu vya wote kwenye mfuko. Walikaa pale usiku mzima na mchana wa pili mpaka trekta ya jirani ikaja kuwatoa. Mvua haikukatika.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani amesahau. Ni mtoto."

Sikumgombeza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. Nikamwambia tu: mimi niliweka godoro chini, na nikamwekea sauti ya mvua. Tukacheka, sote wawili, kicheko kile cha aibu. Nimepata nafuu. Ugonjwa ukijulikana, nusu umepona.

Jumanne, 21 Mei

Joram ameleta matofali manane. Mawili chini ya kila mguu wa kitanda. Achola alisimama akihesabu anavyojua yeye: moja, mbili, tano. Sasa lazima apande kibao kufika kitandani. Amependa.

Ijumaa, 24 Mei

Ratiba imepata kiungo chake, na si mimi niliyekitia. Ni yeye.

Leo baada ya uji aliviweka viatu juu ya meza. Nikamwacha. Nikasema, "Haya, viatu vimelala." Akanitazama kama mtu aliyefanyiwa heshima. Kisha akapiga magoti mlangoni, akabandika kiganja sakafuni. Akakigeuza, akakitazama. Akaenda pembeni mwa kabati, akabandika. Akaenda chini ya kitanda, mkono tu. Kisha akaniletea kiganja nikione.

"Otwo," nikasema. Pamekauka.

"Kavu," akajibu yeye kwa Kiswahili, kana kwamba tunabadilishana zawadi.

Akapanda kitandani. Akaamka mara tatu, akagusa tena, akarudi. Lakini meza hakuipanda. Leo meza ilikuwa ya viatu tu.

Jumatano, 29 Mei

Siku nne nzuri, nikaota mapembe. Leo nikaona nyumba ni chafu, nikapiga deki. Jioni! Baada ya magharibi! Nilikuwa najivunia sakafu inang'aa wakati Achola anapiga magoti mlangoni.

Kiganja kikatoka kimelowa.

Sitaandika kelele zile. Nilichukua taulo. Nilichukua leso mbili. Nilichukua ungo, nikapepea sakafu kama mtu anayepepeta mchele usiokuwepo, na Achola juu ya meza akiniongoza kwa kidole: hapo, na hapo, na hapo Nyanya. Elsie alipita akachungulia mlangoni akauliza kama niko sawa. Nikamwambia nakausha ziwa.

Ilichukua saa nzima. Lakini hili nimeliona: nilipomaliza aliteremka mwenyewe. Akagusa kila mahali, mara mbili mbili. Akanipa kiganja. Kikavu. Akalala.

Maji yaliingia na yakatoka. Sidhani alikuwa amewahi kuyaona yakitoka.

Deki ni asubuhi. Nimeandika ukutani kwa makaa.

Jumapili, 2 Juni

Analala saa mbili, lakini anaamka saa nne, saa tano. Nimechunguza ni kwa nini. Ni kwa sababu yangu. Kila robo saa naenda kufungua mlango kumtazama kama amelala, na mlango ule unalia kuliko yeye.

Mimi huwafukuza wasichana jikoni kwa kosa hilo hilo. Wali umeshapaliwa makaa juu, wewe unafunua kifuniko kuangalia nini? Mvuke unatoka, wali unabaki kiini. Leo nimejifukuza mwenyewe. Nimekaa sebuleni, mikono nimeikalia. Kiu ya kuchungulia ilikuwa kubwa kuliko kiu ya saumu.

Jumatano, 5 Juni

Amelala saa mbili kasoro. Ameamka adhana ya alfajiri, ameuliza chai.

Nami nimelala. Alhamdulillahi. Sina la zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku sita mfululizo. Sitasema kwa sauti, husuda ina masikio, lakini humu naandika: siku sita. Leo mvua imenyesha mchana, ya kweli, ya mabati. Achola alikimbia akagusa mlangoni. Kiganja kililowa kidogo pale kizingitini. Alifikiri. Akaleta leso yangu, akapangusa mwenyewe, akagusa tena. "Kavu." Akarudi kwenye vifuniko vya sufuria anavyochezea.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nilishukuru kuwa nakata vitunguu.

Jumapili, 16 Juni

Idd. Nyumba imejaa tangu swala. Pilau sufuria mbili, nyama ya kondoo, watoto wa mtaa wote na wajomba wao. Zeituni na Oluoch wamekuja kutoka Ahero na mchele wao wa mwaka jana, ule ulionusurika juu ya dari.

Nilihofia ratiba. Wageni hawaondoki, redio imewashwa, nani atalala? Ilipoadhiniwa magharibi Achola akaja akanivuta gauni. Maji ya kuoga. Nikamwogesha nyuma. Akanywa uji huku wengine wanakula nyama. Akakusanya viatu vyake mlangoni kwenye rundo la viatu vya wageni, akaviweka juu ya meza kati ya sahani ya kachumbari na birika. Shangazi mmoja akataka kumgombeza. Nikamwambia wewe mwache, hapo ndipo pake. Akapiga magoti kati ya miguu ya watu, mlangoni, kabatini, chini ya kitanda. Akarudi akamwonyesha babake kiganja.

Oluoch akakigeuza akitafuta jeraha. Nikamnong'oneza. "Kavu," akasema.

Akalala. Kelele zote zile, na mtoto akalala.

Zeituni alisimama mlangoni mwa chumba muda mrefu, na sikumwambia asichungulie. Kisha akasema, "Basi naweza kumchukua." Nikasema ndiyo. Tukakubaliana Jumamosi.

Amekonda, binti yangu. Baada ya chakula alisinzia akiwa ameshika sahani. Nikamtania Oluoch, nikamwuliza kama huko Ahero hawalali. Akacheka kwa heshima, akatazama pembeni, maana mkwe wangu hanitazami usoni, na huniita Maro, mama mkwe kwa Kijaluo. "Maro, huyu wenu siku hizi analala na gambuti za mvua miguuni." Tulicheka sote. Zeituni naye alicheka.

Ijumaa, 21 Juni

Nimefunga mizigo yake. Nguo nne, sungura wa kitambaa niliyemshonea, kibao cha kupandia. Joram ametoa matofali mengine manane bure, yatapandishwa garini.

Wiki sita nimeomba huyu mtoto alale ili aende. Sasa analala na anaenda, na mimi nimekaa hapa nimekasirika kama mtu aliyeibiwa. Nani atanionyesha kiganja kesho? Nimejipa pole, nimenywa chai. Mtoto ni wa mamake. Nafurahi. Nafurahi na nimekasirika.

Jumamosi, 22 Juni

Niko Ahero, kwenye kiti nyumbani kwa Zeituni, naandika kwa tochi ya simu. Saa mbili ya usiku. Sikupanga kuwa hapa saa hizi.

Kwa kina Oluoch, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Miaka mitano nimekuja asubuhi nikaondoka jioni, na sijalalamika, kila nyumba ina adabu yake. Leo nilikuwa niondoke saa kumi. Saa tisa na nusu wingu likaja kutoka milima ya Nandi, mvua ikamwagika, njia ya kwenda barabarani ikawa matope matupu. Oluoch alisimama nje chini ya mwavuli, akaongea na mlango.

"Maro, lala hapa na Mama Achola. Mimi niko kwa mama."

Akaenda kulala kwa mamake, Dorca, boma hili hili, nyumba ya pili. Hivyo hakuna aliyevunja kitu. Tumebaki sisi watatu.

Simiti ni mpya, nzuri, imekauka. Lakini nyumba bado inanuka tope, na alama ya maji ukutani imefunikwa chokaa na bado inatokea. Nimempima Achola kwa macho. Inamfika shingoni. Meza ipo. Ni meza yenyewe waliyoipanda.

Tumeoga. Tumekunywa uji. Viatu juu ya meza. Mvua ilikuwa imetulia, na hapo hapo, viatu vikiwa ndiyo vimewekwa, ikaanza tena. Ya mabati.  Achola alisimama katikati ya nyumba, kidole mdomoni, akatazama juu, akatazama mlango, akatazama meza. Nikasema moyoni, basi, tumerudi mwanzo. Kwa mdomo sikusema kitu. Sufuria imefunikwa, usifunue.

Akapiga magoti. Kiganja mlangoni. Kiganja chini ya dirisha. Mkono wote chini ya kitanda kati ya matofali. Akarudi mlangoni mara ya pili. Akakitazama kiganja kwa tochi yangu.

"Kavu."

Sauti ndogo, na mvua juu yake, lakini nimesikia. Ya Rabbi, nimesikia. Akapanda kibao, akapanda kitanda, akajifunika. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilitaka kuinuka nicheze.

Kisha akaketi. Alikuwa anamtazama mamake.

Zeituni ameketi ukingoni mwa kitanda, upande wa pili. Amevaa nguo ya kulala. Amevaa gambuti, mpaka magotini. Mfuko wa vyeti na vitambulisho uko mapajani, ameufunga kiunoni kwa leso. Hajalala chini. Hakuwa na nia ya kulala chini. Oluoch hakuwa anatania, na mimi nilicheka, siku ya Idd, mdomo umejaa nyama. Wiki sita nimelaza mtoto wa mtoto wangu, na mtoto wangu mwenyewe nimemwacha macho.

 

Achola ameshuka. Ameenda akamshika mamake mkono, ameuvuta mpaka chini, ameubandika sakafuni na kiganja chake juu.

"Mama, gusa."

 Mvua inazidi. Mimi naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitasimama, na nikisimama nitaharibu.

"Na mlango," anasema Achola. Wanaenda mlangoni, wote wawili kwa magoti, magambuti yakikwaruza simiti. Dirishani. Wanarudi. Achola ameugeuza mkono wa mamake, ameutazama, ameniletea mimi niuone. Ni mkavu.  Nimesema neno lile. Zeituni amelirudia, kwa midomo tu.

Achola amemketisha kitandani. Amelishika gambuti la kushoto kwa mikono miwili. Limetoka. Ameliweka juu ya meza, kando ya viatu vyake vidogo, amelisawazisha. Sasa la kulia. Hili halitaki. Zeituni amekunja vidole ndani, mimi mamake najua, hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Achola amekaa chini, ameegemeza miguu yake yote miwili kwenye tofali la Joram, anavuta, anavuta tena, na mvua bado inanyesha, na vidole vya Zeituni vinaanza kulegea.